Mahali Baba Alipokuwa Akipunguza Mwendo

Mama alipotoka eda tulifungua sanduku la nguo za baba ili zigawiwe. Alikaa kwenye mkeka akawa anatoa moja moja: kanzu hii apewe imamu, suruali hii mjomba, koti hili Mzee Mhina aliyekuwa utingo wake miaka yote. Hakulia. Alikuwa ameshalia, na mama yangu si mtu wa kurudia kazi. Alipofika chini kabisa akatoa shati la kaki lililopauka mabegani, akaligeuza, akakitazama kifungo cha katikati, kisha akanitupia.

"Hilo si la sadaka," akasema. "Hilo mpelekee aliyelishonea kifungo."

"Yuko wapi?"

"Aliyejua ni baba yako."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Vifungo vya shati lile vilishonwa kwa uzi mwembamba wa kiwandani, isipokuwa kimoja. Hicho kilishikwa kwa uzi mnene wa buluu, ule wa kufungia midomo ya magunia, na kilishonwa ovyo na mtu mwenye haraka au mwenye mkono unaotetemeka. Nililinusa shati. Lilinuka dawa ya nondo, na kwa mbali sana dizeli na maganda ya machungwa. Nikajiona tena mtoto wa darasa la pili pale Mkata, nikiwa nimetumwa kumpeleleza baba yangu mzazi.

Baba alikaa Kenya muda mrefu, akiendesha malori ya Mombasa na Nairobi. Nilimjua kwa sauti ya simu kabla ya kumjua kwa sura. Aliporudi akarudi na begi moja, redio moja na maneno ya ajabu. Utingo alimwita taniboi. Askari alimwita karao. Mama alikuwa akiuza machungwa na mihogo ya kukaanga pale mabasi yanaposimama, na wanawake wenzake walikuwa na swali moja ambalo hawakuchoka kuliuliza: miaka yote hiyo ugenini, nani alikuwa anampikia? Mama alicheka nao, lakini jioni nilimwona akimtazama baba anavyokula, kama mtu anayeangalia kijiko kimeshikwa kwa mafunzo ya nani.

Haukupita muda baba akapata kazi kwa tajiri mmoja mwenye duka na mashine ya kusaga kule Korogwe. Kazi yake ilikuwa kubeba mahindi kutoka Handeni na kurudi na bidhaa za duka. Katika moja ya safari zake za mwanzo alikawia. Tulizoea akilala huko usiku mmoja, lakini safari hiyo siku zikapita, kisha zikapita nyingine. Akatuma neno kwamba giaboksi imekufa. Aliporudi alikuwa amekonda, na hakutaka kula. Shati la kaki lilikuwa limefuliwa kwa sabuni isiyo ya kwetu. Ubavuni palibaki doa hafifu, rangi ya chai. Na kifungo kile kilikuwa na uzi wa gunia.

"Giaboksi imekufulia na nguo?" mama akauliza.

Baba alitoka akaenda kukaa kwenye lori lake lililoegeshwa nje, akafunga mlango. Laiti angegomba. Mwanaume anayegomba mama alimweza, lakini huyu wa kunyamaza alimtia wasiwasi, na wasiwasi wa mama ulikuwa haulali.

Likizo ilipofika mama akanisuka nywele, akanivalisha gauni la Idi, akasema nitakwenda Korogwe na baba kununuliwa sare ya shule. Alipokuwa ananifunga kilemba akainama sikioni.

"Dereva usimsikilize maneno. Mtazame anapunguza mwendo wapi. Mtu hapunguzi mwendo pasipo na mtu wake. Umeelewa?"

Nilielewa kupita kiasi.

Sisi watoto wa Mkata tulizaliwa pembeni mwa lami na tuliijua kuliko vitabu. Shuleni walitufundisha tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, lakini mafunzo yenyewe tuliyapata kwa mama zetu: tazama taa. Umesimama pembeni na ndoo yako, lori linakuja, dereva akikumulikia taa mchana huo, basi amekuona na amekupa njia. Unavuka. Asipomulika unakaa. Hatukujua kwamba kuna mahali duniani taa zina maana nyingine.

Basi nikapanda, nikawekwa katikati, baba kulia kwenye usukani na Mzee Mhina kushoto dirishani. Mzee Mhina alikuwa na mvi kidevuni na kofia ya kufuma, na alinukia tumbaku. Tukaondoka. Kwanza nilitaka kujua habari za Kenya, maana mpelelezi mzuri huanza mbali.

"Baba, kule wanaendesha upande gani?"

"Kushoto kama sisi, mama." Aliniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Ukivuka mpaka mkono haubadiliki. Zinabadilika adabu."

"Adabu gani?"

"Kule mistari ya pundamilia ni rangi tu. Watu wanangoja magari yaishe. Hapa usiposimama, trafiki anakusimamisha yeye, na hakuachi leo wala kesho. Kule askari wa barabarani usitegemee kumwona anang'aa mweupe hivi, kama anakwenda kuswali Ijumaa. Na kule ukifika kwenye kijiji wameweka matuta, unapunguza kwa kuogopea springi zako. Hapa…"

Hapa hakumaliza, kwa sababu tulikuwa tumefika penye nyumba, na baba akapunguza mwendo.

Alipunguza kweli kweli, lori likawa linatambaa, na yeye akatazama kushoto na kulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua maharage barazani akainua uso. Nikamkariri: kitenge cha njano, mnene kiasi. Nyumba zikaisha, baba akaongeza mwendo. Nikasema moyoni, huyo mmoja.

Kufika Kabuku akapunguza tena. Michungwani akapunguza. Kila penye nyumba tatu na duka, baba yangu alilegeza mguu, na kila mahali kulikuwa na mwanamke akifagia, akianika au akiuza kitu. Segera alikwenda taratibu kuliko kote, na wanawake walilizunguka lori na masinia ya machungwa vichwani, wakimwita dereva, dereva! Nilitamani kushuka nikalie mahali. Sikujua bado maana ya vibao vya mwendo wa hamsini vilivyosimama mwanzo wa kila kijiji. Nilidhani zile ni namba za nyumba.

Kulikuwa na jambo jingine. Malori yaliyotoka mbele yalikuwa yanatumulikia taa, moja baada ya jingine, na Mzee Mhina akitoa mkono dirishani kuyashukuru. Baba hakumulika hata mara moja. Kile kijiti cha taa chini ya usukani hakukigusa, wala vidole vyake havikukaa karibu nacho.

"Baba, mbona hujibu salamu?"

"Si salamu. Wananiambia kuna trafiki mbele na tochi yake ya kupima mwendo."

"Na wewe mbona huwaambii wenzako?"

Mzee Mhina akageuka kutazama mahindi ya watu. Baba alibadilisha gia, ndipo akanijibu.

"Kule nilikozoea," akasema, "taa ni kumwambia mtu nakuja, usithubutu, kaa hapohapo."

"Na hapa ni pita," nikasema, maana hilo nililijua.

"Ndiyo. Kwenu ni pita."

Kwenu! Alisema kwenu. Nililishika neno lile nikaliweka pamoja na mwanamke wa kitenge cha njano. Mtu mwenye kwake hasemi kwenu. Kwa hiyo kwake ni kwingine, nikawaza, na machozi yakaja nikayameza.

Tukapita Makuyuni, akapunguza kama kawaida yake, akaongeza. Nilikuwa nimechoka kupeleleza. Kisha mahali ambapo hapakuwa na chochote, baada ya barabara kupinda, penye kalavati dogo na mkonge uliojiotea pembeni, nikasikia injini ikishuka. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na kibao. Hakuna aliyetumulikia taa. Baba alirudisha gia mpaka lori likawa linakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Mzee Mhina alivua kofia yake akaiweka pajani. Nilidhani amesikia joto. Kalavati likapita, na kofia ikarudi kichwani.

Korogwe mjini tulisimama kwenye pundamilia kumpisha mtoto mwenye begi la shule. Baba alizima injini kabisa. Akatoa mkono wote dirishani, akampungia mtoto avuke, na magari ya nyuma yakatupigia honi. Aliwasha injini tena mtoto alipofika ng'ambo na kupotea kwenye maduka. Niliona aibu. Nilifikiri Kenya hawakumfundisha vizuri.

Jioni ya siku tuliyorudi mama alinikalisha jikoni, akaendelea kumenya mihogo.

"Haya. Sema."

Nilisema yote. Nikamwambia baba ana mke Kabuku, ana mke Michungwani, na Segera ana wengi, wamebeba machungwa, wanamwita kabisa. Mama akaanza kutikisika. Nikamweleza kwamba nyumba zao zote zina namba moja, hamsini, na mama akaweka kisu chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Sikuona cha kuchekesha. Ndoa yetu ilikuwa inaungua, na yeye anacheka!

"Hiyo ni sheria ya serikali, we mtoto," akasema. "Basi, hakuna pengine?"

"Na pale porini, baada ya Makuyuni. Penye kalavati. Lakini pale hakuna mtu."

Alikuwa bado anatabasamu, ila kicheko kilikatika. Alichukua kisu, akamenya muhogo mmoja mpaka ukaisha, akachukua wa pili. Akaniambia nikaoge.

Toka siku hiyo nilikua ndani ya nyumba yenye swali lisiloulizwa. Baba hakuwa mkali, hakuwa mlevi, mwezi wa Ramadhani alifuturu nyumbani. Lakini akichelewa kidogo, mama alimwuliza, "Giaboksi?" na baba alijibu, "Njia tu," na walikula bila kutazamana. Nami nikarithi macho ya mama. Nilikagua mifuko yake. Nilinusa kola zake. Hata nilipoolewa, mume wangu amenilalamikia mara nyingi kwamba nahesabu dakika zake, na ana haki ya kulalamika. Nilipojifunza kuendesha gari mimi mwenyewe, nilivisoma vibao vyote vya hamsini kutoka Mkata mpaka Korogwe, na kila kimoja kilimfuta mke mmoja wa baba. Nilicheka peke yangu njiani. Lakini baada ya Makuyuni niliendesha polepole nikatafuta. Pale kwenye kalavati kibao hakipo, na wala hakijawahi kuwapo.

Kwa hiyo siku ile mama aliponitupia shati, nilijua pa kuanzia.

Niliegesha gari pembeni kabla ya kalavati. Kutoka barabarani huoni kitu, lakini ukisimama unaona kijia kinaingia kwenye mahindi. Nilikifuata. Hakikuwa kirefu. Nikakuta nyumba ya bati, ua uliofagiliwa vizuri, na mama wa makamo, umri wa mama yangu, akianika makopa ya muhogo juu ya turubai. Nilimtazama kwa macho niliyorithi. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, uso mzuri uliochoka. Nikasema moyoni, ndiye.

"Karibu mwanangu. Gari limekuharibikia?"

"Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Sikuzunguka. Nilitoa shati kwenye mfuko nikamnyooshea. Alifuta unga wa muhogo mikononi, akalipokea, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kifungo. Hakukitafuta.

"Uzi huu niliuchomoa kwenye gunia la mahindi," akasema polepole. "Siku hiyo sikuwa na mwingine." Kisha akanitazama. "Amefariki?"

"Amefariki."

Akasema innalillahi, akakaa chini palepale kwenye turubai juu ya makopa yake. Mimi nilikuwa bado nimesimama, nimebeba hasira ya miaka ya mama yangu.

"Ulikuwa nani kwake?" nikauliza. Niliuliza kwa utovu wa adabu, najua.

Alinivuta mkono nikakaa. Akaniambia alikuwa na binti akiitwa Saumu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa rika langu. Alikuwa ametumwa maji ng'ambo ya barabara. Alisimama pembeni na ndoo yake kama alivyofundishwa. Lori likatokea kwenye kona, dereva akammulikia taa.

"Si unazijua taa za kwetu," akasema.

Nilizijua.

"Saumu akavuka."

Kuku mmoja alikuja kudonoa makopa, akamfukuza kwa mkono, taratibu. Akaendelea. Baba yangu ndiye aliyembeba. Yeye mama mtu alipanda lori, mtoto katikati yao, kwenye kiti kilekile nilichokuja kukalia mimi nikipeleleza. Hawakufika naye Korogwe. Baba akaenda mwenyewe polisi, akawekwa ndani, mpaka mume wa huyu mama na wazee walipokwenda kusema wamekubali kuwa ni ajali. Alipotoka hakwenda nyumbani kwake. Alikuja hapa, na shati lile lile mwilini.

"Nilimwambia avue. Sikuweza kumtazama akiwa nalo. Nikalifua. Kifungo kilikuwa kimekatika, nilikuwa nimekikuta mkononi mwa Saumu tulipokuwa tunamwosha. Ningekitupa wapi? Nikakishona."

"Mbona hakutuambia?" nikauliza.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema nyumbani ana mtoto wa rika hilo, naye anavuka barabara kila siku. Hajui aanzie wapi." Akalikunja shati, mikono ndani. "Sisi nasi tulimshuku, nisikufiche. Alipoanza kupunguza mwendo hapa, mume wangu alisema, huyu anarudia nini? Akamvizia kwenye mahindi na panga. Akaona lori linapita polepole, utingo kavua kofia, basi. Akarudi akasema mwache. Tukazoea. Nikiwa shambani nasikia injini inashuka, najua ni yeye, namwombea mwanangu. Mwaka huu nilisikiliza sana. Haikushuka."

Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza, jambo lililonitia aibu zaidi. Shati hakulichukua. Alisema alishalifua mara moja, inatosha, nimrudishie mama.

Mama nilimkuta uani akipembua mchele. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho bila kupumzika: taa, ndoo, kiti, kifungo. Doa la chai nikamwambia si chai. Alikuwa ameacha kupembua, ungo umetulia magotini. Nilingoja alie, au aombe msamaha kwa marehemu, au hata aseme kitu cha dini.

"Huyo mama," akasema, "ana mume?"

"Anaye, mama!"

"Mmh." Akautikisa ungo mara moja. "Yuko nyumbani siku zote?"

Nilikasirika, nikaingia ndani nikabamiza mlango, katika umri wangu huu. Nilisema moyoni kuwa moyo wa mama yangu umekauka na hautalowa tena. Nilimsikia uani akipembua mchele uleule, tena na tena, mchele uliokwisha kuwa safi.

Asubuhi nilimkuta ameshavaa. Alikuwa na kanga mpya bado zina gundi ya dukani, kikapu cha machungwa, na shati la kaki.

"Nipeleke," akasema.

Tuliondoka Mkata. Nilipunguza Kabuku, nikapunguza Michungwani, nikapunguza Segera, kila kibao na hamsini yake. Mama alikuwa ameliweka shati mapajani na kidole gumba kikisugua kile kifungo. Tukapita Makuyuni, kijiji kikaisha, nikaongeza mwendo. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwonyesha mahali, kwa sababu nyumbani nilimsimulia mambo yote lakini kona na kijia sikumtajia, na tangu nilipomwambia utotoni habari ya kalavati hakuwahi kuniuliza ni wapi.

"Punguza," mama akasema.

Kona tulikuwa bado hatujaifikia, na kalavati lilikuwa halijaonekana; nikajua mama alishawahi kuja kupatafuta kabla yangu.